Msimu Uliokataa Kwisha

Ile haikuwa penalti. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Kalemie wakinikuta njiani mpaka leo, mvi zimenijaa kichwani, hawaniulizi habari za vita. Wananiuliza habari za mguu wangu wa kushoto. Niliugusa mpira, mpira peke yake, na yule kijana akaanguka mwenyewe kama gunia la mihogo. Mwamuzi alikuwa mbali, jua lilikuwa machoni mwake, na shemeji yake alikuwa akichezea upande ule. Basi. Sasa naweza kusimulia mengine.

Nilikuwa beki wa kushoto wa timu ya parokia katika miaka ya mwisho ya Zaire, nchi ilipokuwa imechoka kiasi kwamba hata bendera ilipanda mlingotini kwa kusitasita. Asubuhi nilifundisha shule ya msingi, yaani nilisimama mbele ya watoto bila chaki. Jioni nilifanya mazoezi. Treni ya Nyunzu ilikuja ilipojisikia, na meli ilikuja ilipopata mafuta. Ligi ya mji ndiyo ilikuwa kitu pekee chenye ratiba. Kila Jumapili alasiri palikuwa na mechi, au angalau ugomvi kuhusu mechi, na kwetu ugomvi ni nusu ya mchezo.

Msomaji wa mbali aelewe jambo moja. Kwetu timu haiendi uwanjani kama watu wanaokwenda sokoni. Kabla ya mechi kubwa timu huingia kambini. Wachezaji hufungiwa katika nyumba moja, mbali na wake zao, mbali na mashabiki na mbali na jicho la mtu yeyote, na hawatoki mpaka mechi ichezwe. Mganga wa timu humwaga majivu kuizunguka nyumba, na asiye mtu wa kambi hathubutu kuyavuka. Kambi yetu ilikuwa nyumba kuukuu iliyoachwa na mfanyabiashara Mgiriki, ng'ambo ya daraja la Lukuga. Mganga wetu alikuwa mpenzi mkubwa wa lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, na kwa maoni yangu hakuweza kuroga hata kuku. Lakini majivu aliyamwaga vizuri. Mstari wake ulinyooka kuliko mwendo wake.

Padri aliyekuwa mlezi wa timu alikuwa mzee kutoka Slovakia, aliyekuja kwetu akiwa bado kijana na akasahau kuondoka. Yeye peke yake aliruhusiwa kuvuka majivu, kwa sababu hakuwa na mke, na kwa mganga wetu mke ndiye aliyekuwa hatari yenyewe. Nilimuuliza siku moja anawezaje, mtu wa Kanisa, kuvumilia ushirikina ule mbele ya macho yake. Akanijibu kwamba kila mwaka, Jumatano ya kwanza ya Kwaresima, yeye mwenyewe alinipaka majivu usoni na sikuwahi kulalamika.

Mshambuliaji wetu wa kati alikuwa Munyamulenge, wa wale wafugaji ambao mababu zao walitoka Rwanda, kijana mrefu wa milima ya huko Fizi, aliyeletwa Kalemie na mjomba wake aliyefuga ng'ombe wachache nyuma ya stesheni. Alikuwa na makosa mawili. Mpira ukipotea hakurudi kukaba, na hakula samaki. Kosa la kwanza tulimsamehe kwa sababu alifunga magoli. La pili lilitushinda. Mtu anaishi ukingoni mwa ziwa, migebuka inakaangwa kila kona, ndagala zinaanikwa mpaka uani kwa Askofu, naye anakunja uso kama aliyetiwa nyoka sahanini! Tulimtania mpaka tukachoka. Alicheka, akanywa maziwa yake.

Mjomba wake hakupenda mpira hata kidogo. Alikuja kila Jumapili kwa adabu tu, akasimama nyuma ya goli letu na fimbo yake ndefu, akiyatazama majani ya uwanja kwa macho ya mtu anayehesabu ng'ombe wangapi wangeshiba pale. Tukifunga, aliuliza watu kama ni sisi.

Tulikuwa kambini kujiandaa kwa mechi ya mwisho ya msimu dhidi ya timu ya bandari, mahasimu wetu, wakati redio iliposema kwamba vita imeanza huko juu upande wa Uvira, na kwamba watu wa kabila la mshambuliaji wetu si Wazaire tena. Juzi walikuwa Wazaire. Walisukumwa na askari kwenye vizuizi kama sisi sote, na hakuna haki ya uraia tuliyoipata kwa ukamilifu kuliko hiyo. Lakini serikali iliyoshindwa kuziba shimo moja barabarani kwa miaka yote niliyoishi, iliweza katika asubuhi moja kuchambua babu wa nani alitoka wapi. Vijana wasio na kazi wakapata kazi: kuwaonyesha askari nyumba. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona ofisi za Kalemie zikifunguliwa mapema.

Mjomba walimchukua nyumbani kwake, na fimbo yake wakaichukua. Padri ndiye aliyetuletea habari. Kijana hakulia mbele yetu. Alikwenda kukaa katika chumba cha ndani, na tangu siku hiyo hatukumtania tena juu ya samaki.

Kocha wetu hakuwa mtu wa hotuba. Alitukusanya uani akasema, "Kambi haivunjwe. Mupaka mechi ichezwe, hakuna mutu anatoka, hakuna mutu anaingia." Akatutazama mmoja mmoja. "Na ile mechi, mimi sioni kama itachezwa mbio."

Tulimwelewa. Ukuta pekee ambao askari wa Kalemie waliuheshimu ulikuwa ule wa majivu, na majivu yaliishi kwa uhai wa kambi, na kambi iliishi kwa uhai wa mechi ambayo haijachezwa. Mji mzima tukauambia kwamba mshambuliaji wetu amevuka ziwa usiku kwenda Kigoma. Iliyobaki ilikuwa kazi moja: kuhakikisha kwamba msimu haumaliziki. Mchezaji wa Zaire akishindwa kazi hiyo, ataweza ipi?

Jumapili ya kwanza tulikuwa tumejipanga vizuri. Kipa wetu angeanguka mapema na kushika mgongo, na sisi tungekataa kuendelea. Alikuwa amefanya mazoezi ya kuanguka kambini mpaka akaumia kweli. Hatukupata nafasi. Timu ya bandari ilifika mlangoni mwa uwanja ikakataa kuingia kwanza. Kila mtu wa kwetu anajua kwamba timu inayokanyaga uwanja kwanza ndiyo inayozoa mitego yote iliyofukiwa humo. Sisi nasi, kwa heshima yetu, hatungeweza kuingia kwanza. Tukasimama, wao upande wa kulia wa mlango na sisi upande wa kushoto, mpaka jua likazama. Mwamuzi alikuwa peke yake katikati ya uwanja na mpira wake chini ya kwapa. Kamati ikaamuru mechi irudiwe.

Jumapili iliyofuata wao waliukataa mlango wenyewe, wakidai kuna kitu kimezikwa kizingitini. Wakapanda ukuta. Ukuta ule ulikuwa umelowa mvua, na timu nzima iliupanda kwa pamoja, makipa wa akiba na wabeba maji wakiwemo. Ulianguka kwa kelele ambazo zilimfanya askari mmoja apige risasi hewani. Mechi ikaahirishwa mpaka ukuta usimame. Sisi tulikuwa tumeandaa ugonjwa wa tumbo wa timu nzima, ugonjwa mzuri kabisa, ukabaki bila matumizi.

Baadaye walilalamikia mpira. Kisha wakalalamikia filimbi. Kisha kapteni wao, beki mfupi mwenye shingo nene, alisimama mbele ya kamati akaapa kwamba mstari wa goli letu umepinda, na kamati ikatumia alasiri nzima kuunyoosha kwa kamba. Nilimchukia mtu yule. Nilimwona mwoga anayetaka pointi za mezani, asiye na haya, tena katika wakati ambapo watu wanakufa. Sisi tulikuwa na sababu ya kudanganya, yeye alikuwa na nini? Na kilichoniuma zaidi, hata katika kudanganya alituwahi kila mara.

Askari walikuja kambini mara moja tu. Sajini alikuwa mbele, mtu mwenye tumbo, na nyuma yake vijana wawili wenye bunduki na mmoja wa wale waonyesha nyumba. Tulikuwa uani tukipiga danadana. Kijana wetu alikuwa chumba cha ndani, chini ya mkeka. Nasema wazi: niliogopa sana, na danadana yangu iliishia kwenye mti wa mpapai.

Mganga wetu alitoka amelewa, akasimama ndani ya majivu yake.

"Chef," akasema, "wewe ni supporter wa timu gani?"

Sajini akasema yeye ni mtu wa timu ya bandari tangu utoto.

"Sawa, vuka. Mimi sikatazi serikali. Lakini hii dawa iko ya kuvunja miguu ya timu moja. Mutu wa bandari akiikanyaga, njo ataibeba kwa miguu yake, ataipeleka kwabo."

Askari wa Zaire wa siku zile hakumwogopa Mungu wala kamanda wake. Alikuwa amepora misheni, amepora soko, na alikuwa tayari kumpora mama yake akiwa na redio nzuri. Lakini timu yake ilikuwa na mechi ya ubingwa mbele yake. Sajini aliyatazama majivu kwa muda mrefu, akarudi hatua moja, akamzaba kofi yule kijana mwonyesha nyumba kwa kumpotezea wakati, wakaondoka. Mganga akaketi chini palepale, akaomba lutuku. Tulimpa yote tuliyokuwa nayo.

Padri alikuja kila asubuhi na baiskeli yake. Alileta bugali na sombe ya majani ya mihogo, ndagala za kwetu, na kidumu cha maziwa kwa ajili ya mmoja. Alikuwa na desturi ya kuketi kwenye ngazi akatusimulia ligi ya kwao, kwa sababu kwao pia walicheza wakati wa vita, ile vita kubwa ya Wazungu, yeye akiwa mtoto. Nchi yao ilikuwa imejitenga na kupata ligi yake, na watoto walijua msimamo wake kwa moyo kuliko Baba Yetu. Alitutajia magoli ya miaka hamsini iliyopita kama ya jana. Sisi tulimsikiliza kwa wivu. Viwanja vyenye majukwaa, waamuzi wenye saa! Siku moja nilimwambia kwamba laiti na sisi tungekuwa na ligi ya namna ile, si huu upuuzi wetu wa kuta zinazoanguka.

Akakiweka kidumu chini. Kisha akasema polepole, kwa Kiswahili chake cha misheni:

"Kwetu ratiba iliheshimiwa. Mechi ilianza saa yake. Treni nazo zilitoka saa yake. Pembeni yangu uwanjani aliketi fundi wa nguo, Myahudi wa mtaa wetu, alinipa mbegu za alizeti. Siku moja walipandishwa treni, yeye na watu wake. Jumapili ile pale pake aliketi mtu mwingine. Mimi sikuuliza. Baba yangu hakuuliza. Tuliuliza matokeo ya miji mingine."

Akaongeza kwamba mwishoni vita yenyewe iliwafikia, na msimu ule wa mwisho ukakatika katikati, na watu wakasikitika kweli. Walisikitikia ligi. Akachukua kidumu kitupu akaondoka na baiskeli yake, na mimi nikabaki nikiwa na hasira kwake, kwa sababu nilipenda ile ligi ya masimulizi na sasa ilikuwa imeharibika.

Mvua zikaendelea, na vita ikashuka na ufuko wa ziwa. Askari wetu mashujaa, waliotuahidi kuulinda mji mpaka tone la mwisho la damu, waliondoka kabla ya tone la kwanza. Walikwenda na magodoro, mabati, mbuzi, na kiti cha kinyozi wa mtaa wa Kataki ambacho sijui walikusudia kukifanyia nini vitani. Yule sajini nilimwona amebeba cherehani kichwani. Kisha wakaingia wale wapya, waasi ambao watu wa kabila la kijana wetu walikuwa miongoni mwao, wengi wao vijana wadogo wenye buti kubwa, na tukaambiwa kwamba tumekombolewa. Tulipiga makofi. Watu wa Kalemie tunajua kupiga makofi, tumewapigia wengi.

Kijana wetu alitoka chumba cha ndani, akavuka majivu, akasimama barabarani akifinya macho kwa mwanga. Kabla hajafika darajani alikuwa amepata ndugu wapya. Wale waliokuwa wakionyesha nyumba walimkumbatia, wakamwambia walikuwa wakimwombea. Mmoja alimwita binamu. Yeye aliwapa mkono wote, mmoja mmoja, na mimi niliyekuwa nyuma yake nilitaka kuwapiga mateke, kwa mguu uleule wa kushoto.

Wakubwa wapya walitangaza kwamba fujo za Zaire zimekwisha, kila kitu kitafanywa kwa nidhamu. Kamati ya ligi, watu walewale wenye mashati yaleyale, ikaamuru msimu umalizwe. Jumapili ile timu zote mbili ziliingia kwa mlango, kwa wakati mmoja, hakuna aliyepanda kitu. Ilikuwa aibu kutazama. Nyuma ya goli letu alisimama mtu mmoja mnene akila karanga, akanizomea kipindi kizima. Mshambuliaji wetu alicheza. Miguu ilikuwa imesahau, alikimbia kama mtu anayekimbia ndani ya maji, lakini alicheza. Tukafungwa goli moja, kwa ile ambayo haikuwa penalti, na aliyeipiga ni yule kapteni mwenye shingo nene.

Baada ya filimbi alinijia na mkono mbele. Nilimwambia mambo ambayo mwalimu hapaswi kuyasema. Nilimwambia kwamba amekuwa mwoga msimu mzima, na kwamba ubingwa wa kuvunja kuta si ubingwa.

Hakukasirika. Aliniuliza kama sisi tulidhani wao ni wajinga.

"Kila asubui Mupe, ule padri wenu, anapita kwa daraja na kidumu ya maziwa, Kalemie yote inamuona," akasema. "Kwenu kule nani anakunywa maziwa? Wewe? Mama yangu njo alikuwa anakamua zile ng'ombe za mujomba, toka walimukamata. Kocha wenu alikuwa anachelewa kupata sababu. Siye tukamusaidia."

Akaenda zake kubebwa juu na mashabiki. Nilisimama pale mpaka uwanja ukawa mtupu. Kwa hiyo bandari nzima ilijua, na wenye kuuza samaki walijua, na mwamuzi na mpira wake kwapani alijua. Mji ambao haukuweza kupanga foleni ya maji uliweza kupanga hilo, bila mkutano, bila mtu kumwambia mwenzake. Nililia. Nilijiambia ni kwa sababu ya penalti.

Nikaenda moja kwa moja misheni, kwa sababu Padri alikuwa kitandani na malaria na hakuweza kuja uwanjani. Nilikuwa nimeandaa yote: habari ya kapteni na maziwa, na penalti, mguu wangu ulipokuwa, na mwamuzi alipokuwa. Nikavuta kiti. Padri hakuuliza matokeo.

"Nyuma ya goli lenu," akasema, "leo alisimama nani?"

Nilimwambia ni mtu wa karanga, simjui. Padri akafumba macho. Msimu mzima tulikuwa tumemficha mmoja kwa ustadi ambao Kalemie haijapata kuuona, na yule mwingine, mwenye fimbo, hakuna aliyekwenda kumuulizia popote.

Asubuhi yake Padri alitoka kitandani na homa yake. Alimchukua mshambuliaji wetu, akanichukua na mimi, tukaenda kwenye ofisi ya kamanda mpya kumuulizia mjomba. Tulikaa kwenye benchi mpaka jua likatuhamisha. Mwishowe tukaingizwa kwa afisa mmoja wa ofisi, mtu wa mji huuhuu, aliyekuwa nyuma ya meza ileile tangu enzi zile. Padri alieleza kwa utaratibu: mzee wa ng'ombe, nyuma ya stesheni, alichukuliwa asubuhi, alikuwa na fimbo ndefu. Tunataka kujua alipelekwa wapi. Kijana alikuwa amesimama, mikono nyuma, akiitazama midomo ya yule mtu.

Afisa alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma. Kisha akanigeukia mimi, uso wake ukachangamka, akaniuliza kama ile ya jana ilikuwa penalti kweli.